Wala-Shaba wa Katanga

Mtama ukishavunwa na mvua kukatika, watu wa nchi ya Wasanga, huko Katanga katika Kongo, walihamia migodini. Walijenga vibanda vya majani chini ya vilima, wakakaa huko hadi mawingu ya mvua yaliporudi. Vilima vyenyewe, vya Fungurume, Tenke na vile vya upande wa Kolwezi, havikuhitaji mtaalamu wa kuvitafuta. Shaba ikizidi ardhini miti haistawi, hivyo kilima chenye mali husimama na kipara katikati ya msitu wa miombo, kimefunikwa nyasi na vimea vichache vilivyozoea sumu ile.

Wanawake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, juu ya ardhi. Wanaume waliingia chini. Kisima kilikuwa chembamba, kimechimbwa kwa sururu fupi ya chuma, na aliyekuwa ndani alijaza vikapu vikavutwa juu. Udongo uliweza kubomoka wakati wowote. Ndiyo maana hakuna aliyeshuka kabla ya tambiko kufanywa, na anayeona hayo kuwa ushirikina mtupu ajiulize yeye angeshuka na nini.

Kuyeyusha kulikuwa kazi ya mafundi, na ufundi huo haukugawiwa ovyo: mtu aliingizwa, akafundishwa dawa na miiko, ukiwemo wa kutomkaribia mkewe msimu ukiendelea. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto. Makaa yalitoka kwenye miti migumu iliyochaguliwa. Kisha ikaja mivukuto ya ngozi na mirija ya udongo, na vijana wakapokezana kuvukuta, kwani shaba haiyeyuki mpaka joto lifike takriban nyuzi 1,085 za Selsiasi. Mkono ukilegea, moto unashuka, na malighafi ya siku nyingi inageuka takataka. Yaliyofaulu yalimiminwa katika kalibu, yakatoka misalaba.

Misalaba hiyo ina umri mkubwa. Katika bonde la Upemba, kaskazini ya Fungurume, wanaakiolojia waliofukua makaburi tangu mwaka 1957 walikuta mapambo ya shaba ya karne nyingi zilizopita, na katika makaburi ya baadaye wakakuta misalaba. Kadiri miaka ilivyosonga misalaba ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa, dalili kwamba ilikuwa imeshakuwa fedha. Pedro João Baptista, mfanyabiashara Mwafrika kutoka Angola aliyepita Katanga mwaka 1806, aliandika habari za shaba hii. Baadaye Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kuweka makao yake Bunkeya, aliitumia kujenga dola iliyofanya biashara na pwani zote mbili za bara.

Msiri aliuawa kwa risasi Desemba 1891. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alikagua migodi ya Katanga, na kuanzia 1899 George Grey akaja kutafuta madini kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza. Vitabu vingi huwataja kama wagunduzi. Walichokikuta ni mashimo ya wenyeji, nao walionyeshwa njia na wenyeji. Kampuni ya madini ya Union Minière ikaundwa 1906, tanuri lake la Lubumbashi likaanza kazi 1911, na mivukuto ya ngozi ikanyamaza. Ufundi wenyewe ungesahaulika kama mmisionari Jean-Félix de Hemptinne asingewawahi wazee waliokuwa bado wanaukumbuka. Maelezo yake, yaliyochapwa 1926, yaliwaita wala-shaba, watu wanaoishi kwa shaba kama wengine wanavyoishi kwa mahindi. Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera yake.

Leo mgodi wa Tenke Fungurume, ulioanza kutoa shaba 2009, ni mali ya kampuni ya Kichina ya CMOC pamoja na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo. Kandokando yake vijana bado wanashuka visimani kwa kamba, na ujasiri wao hauna tofauti na ule wa Wasanga wa kale. Tofauti iko kwenye mzani. Mchimbaji wa leo hubeba gunia hadi depo, ambako mnunuzi analipima jiwe kwa kifaa chake mwenyewe na kutaja asilimia ya madini, na bei hufuata asilimia hiyo. Mzee wa zamani hakuuza jiwe. Alishuka mgodini na kikapu, akarudi kijijini na fedha iliyoyeyushwa na mafundi wa kwao.