Baridi ya Mlima, Ukali wa Jua: Kinga ya Mfanyakazi wa Naro Moru Ianzie Machoni

Mji wa Naro Moru uko upande wa magharibi wa Mlima Kenya, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake hulipima jua kwa joto. Kukiwa na ubaridi, hakuna anayelihofia. Kipimo hicho kinapotosha. Miale inayodhuru ngozi na macho ni ya urujuanimno (UV), nayo haionekani wala haihisiwi kama joto. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000. Kwa hiyo, anga ikiwa safi, kibarua anayepalilia vitunguu hapa Kieni akiwa na sweta mwilini hupokea miale mikali kuliko mchukuzi wa Mombasa anayetiririkwa na jasho.

Makala haya yanatetea hoja moja: kwa wengi wanaofanya kazi nje katika eneo hili, kinga dhidi ya jua ianzie machoni, na gharama yake ibebwe na mwajiri.

Wapo wanaosema kwamba ngozi nyeusi ni kinga tosha. Dai hilo lina msingi. Utafiti wa maabara umeonyesha kuwa tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha takriban asilimia 7 ya miale ya UVB, ilhali la ngozi nyeupe hupitisha asilimia 24. Melanoma, saratani hatari ya ngozi, ikitokea kwa mtu mweusi, mara nyingi huanzia kwenye wayo au chini ya kucha, mahali ambapo jua si chanzo kikuu. Kuwahimiza vibarua wote wajipake losheni ya bei ghali kila siku ni kuchukua ushauri uliotungwa kwa ajili ya watu wengine na kuuleta hapa bila kuupima.

Hata hivyo, hoja hiyo haivuki ukope. Jicho halipati kinga ya namna hiyo. Miaka mingi ya jua huchangia mtoto wa jicho, na jua likiungana na vumbi huotesha kinyama kinachotambaa kuelekea kwenye mboni. Lililo zito zaidi ni saratani ya utando wa jicho, ambayo katika Afrika Mashariki inahusishwa na jua pamoja na VVU. Mwaka 2016, jarida la The Lancet Global Health lilichapisha jaribio la tiba lililoongozwa na Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa wagonjwa waliotiwa dawa ya matone ya fluorourasili baada ya upasuaji, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 11 hivi, na kwa waliopewa matone yasiyo na dawa ulirudi kwa asilimia 36. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini mgonjwa huyafikia baada ya kupita kwenye kisu.

Tazama basi mavazi ya kazi. Kepu ya mwendesha bodaboda hutia kivuli kwenye paji la uso na kuacha masikio na shingo wazi. Leso ya mama anayepalilia hufunika nywele tu. Mpagazi anayepanda na mzigo wa mgeni kutoka Met Station, mita 3,050, hadi Mackinder's Camp, mita 4,200, huongozana na mtu aliyevaa miwani ya barafu, naye mwenyewe akikodoa macho. Theluji mpya ikiwa imeanguka kuelekea kilele cha Point Lenana, hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na ukingo wa kofia hauwezi kuzuia mwanga unaotoka chini. Hapo miwani ni kifaa cha kazi sawa na viatu.

Kwa watu wenye ualbino mpangilio ni mwingine, kwani kwao ngozi na macho huhitaji kinga kwa pamoja, kila siku. Sensa ya 2019 iliwahesabu 9,729 nchini Kenya. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwagawia losheni, na mjini Moshi, Tanzania, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya wenye ualbino. Mgao huo ulindwe, usije ukapunguzwa kwa kisingizio kwamba Mwafrika hahitaji losheni.

Sheria nayo ina pengo. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga pale kazi inapomweka mfanyakazi kwenye unyevu au vitu vyenye madhara. Jua halitajwi. Lakini mwaka 2023, WHO na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa karibu kifo kimoja kati ya vitatu vya saratani ya ngozi isiyo melanoma hutokana na kufanya kazi juani. Kwa ushahidi huo, jua linastahili kutajwa katika kanuni waziwazi.

Mwajiri atauliza gharama. Kofia ya pama na miwani yenye alama ya UV400 hudumu misimu kadhaa. Miwani myeusi isiyo na kinga hiyo haifai, kwa sababu hupanua mboni na kuruhusu miale iingie. Kazi ikianza alfajiri, vibarua wanaweza kupumzika kivulini kuanzia saa tano hadi saa nane bila mavuno kupotea, mradi ujira wa siku usikatwe. Sharti hilo la mwisho ndilo msingi wa mengine yote, kwa kuwa anayelipwa kwa siku hatakaa kivulini iwapo kivuli kinamnyima unga. Serikali ya Kaunti ya Nyeri, wenye mashamba na kampuni za kupandisha wageni mlimani wana uwezo wa kuyaanza haya msimu huu, hata kabla Bunge halijaigusa sheria.