Simu, Waya na Umeme

Yuko awezaye kudhani kwamba neno simu limetokana na kadi ndogo itiwayo ndani ya simu ya mkononi, ambayo huitwa SIM. Dhana hiyo haisimami. Kadi hiyo ilianza kutumika mwaka 1991, hali neno simu limo katika kamusi ya Frederick Johnson iliyochapwa mwaka 1939.

Asili yake ni neno la Kiajemi sim, lenye maana ya fedha na pia ya uzi wa madini. Kwa kuwa neno hilo limo vilevile katika Kiarabu cha Ghuba, huenda likawa lilifika pwani kwa njia ya Oman. Kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika Unguja mwaka 1879, nayo ilipita chini ya bahari. Lakini huko bara uzi ulitundikwa juu ya nguzo, machoni pa watu wote. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa tangu 1896 hata 1901, iliandamana na uzi wa namna hiyo. Na uzi wa Cecil Rhodes, uliotoka kusini kwa njia ya Blantyre, uliishia Ujiji.

Kutoka uzi, maana ilihamia kwenye habari ipitayo katika uzi, kisha kwenye chombo chenyewe. Ushahidi ni msemo wa zamani simu ya upepo. Mwajemi huiita telegrafu ya namna hiyo bi-sim, yaani isiyo na uzi. Mswahili hakuona kinyume chochote katika kuiita simu, kwa sababu kwake neno hilo lilikwisha kuachana na uzi.

Nyaya za nguvu za umeme zilipotundikwa nazo juu ya nguzo, hazikuitwa simu, ingawa ni za madini vilevile. Nafasi ya jina la uzi ilikuwa wazi, ikajazwa na waya kutoka Kiingereza. Umeme, lililokuwa jina la radi imetayo mawinguni, likapewa nguvu hiyo mpya. Na huko Kenya wengi husema stima, neno lililotokana na Kiingereza.

Basi kamusi itoayo maana ya leo peke yake humnyima msomaji nusu ya habari. Yafaa kila maana iandikiwe mwaka wa ushahidi wake wa kwanza, kwani pasipo tarehe, maneno mawili yafananayo kwa sauti hufanywa ndugu bila ya nasaba.