Toka Ekyaghanda Mpaka Jukwaani: Vijana Wetu na Kazi ya Wimbo na Mchezo

Kila mwaka, Noeli ikikaribia, tunaona jambo moja katika parokia nyingi za Butembo na Beni. Vijana wanakutana jioni, wanajifunza nyimbo, wanapanga ngoma, wanaigiza habari ya Betelehemu. Siku ikifika, watu wanajaa mpaka nje, wamama wanapiga vigelegele. Kisha Januari inaingia na kikundi kinatawanyika. Binti aliyeimba kuliko wote anarudi kuuza maunite ya simu kando ya barabara. Mwaka unaofuata anaanza tena toka mwanzo, sawa vile hajawahi kujifunza kitu.

Ndugu wasomaji, je, ilikuwa vile tangu zamani? Tunajibu: hapana. Wazee wetu walikuwa na njia ya kumfunza kijana, njia ya kumpima, na njia ya kumwonyesha kesho yake. Njia hizo tatu zilikuwa pamoja. Leo tumebaki na ya kwanza nusu, ya pili bila utaratibu, na ya tatu karibu imepotea. Tunaandika ju ya kuzitafuta tena.

1. Shule ya moto na shule ya pori

Wengi wanafikiri teatri ililetwa na Wazungu, ndani ya sanduku moja na katekisimu. Lakini mchezo ambamo habari inapelekwa na wimbo, ngoma na maneno pamoja ulikuwako kwetu Wanande, ao Wayira, mbele ya misheni yoyote. Fasi yake ya kwanza ilikuwa ekyaghanda, nyumba ya wanaume penye moto. Pale muzee alisimulia hadithi, na hadithi ilikuwa na wimbo ndani yake. Aliyesikiliza alitakiwa kuitikia. Mtoto alianza kwa kuitikia tu, akaendelea kwa kushika sauti ya mnyama mmoja wa hadithi, na siku moja aliachiwa hadithi nzima. Kama alipotea, watu walicheka, na kesho yake alirudia. Hilo lilikuwa jaribio lake, tena mbele ya watu waliojua kazi.

Mabinti walifunzwa jikoni na shambani, kwa nyimbo za kulea, za kulima, za arusi na za kilio. Aliyesifiwa kwa sauti aliitwa hata kwenye vijiji vingine kuongoza kilio ao arusi.

Shule ngumu zaidi ilikuwa olusumba, yaani jando la wavulana. Nyimbo zake hatuziandiki hapa, zina wenyewe. Inatosha kusema kwamba vijana waliingia porini, wakakaa huko wakifunzwa nyimbo, michezo na uvumilivu, na walipotoka jamaa nzima iliwatazama. Kila mtu alijua sasa huyu ni nani na anatakiwa kufanya nini. Hakuna aliyetoka olusumba akiuliza: «Na sasa niende wapi?»

Vyombo pia vilikuwa na walimu wao. Endara, ile marimba kubwa, haipigwi na mtu mmoja. Inataka watu wanaojuana mikono. Enzenze inataka sikio la peke yake. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi Afrika ya Kusini, alipita huku kando ya pori la Ituri akarekodi muziki wa Wanande pamoja na ule wa majirani, Wabira, Wabudu na Wambuti. Sauti za wazee wetu zimehifadhiwa mbali kuliko sisi wenyewe tulivyozihifadhi. Jambo hilo litufikirishe.

2. Misheni, kwaya na vyama vya vijana

Mapadri Waasumpsio walifika katika inchi ya Beni mwaka wa 1929. Mwaka wa 1938 Beni ikawa vikarieti, mwaka wa 1959 jimbo, na tangu 1967 tunaliita jimbo la Butembo-Beni. Pamoja na mashule yakaja kwaya, harmonium, na michezo ya Noeli na ya Pasaka. Waprotestanti nao walijenga kwaya zenye sauti nne, na mpaka leo katika CBCA utakuta vijana wanaosoma solfa vizuri kuliko wanavyosoma gazeti.

Tuseme ukweli kwa pande zote mbili. Misheni ilizuia ngoma nyingi kwa kuziita za kipagani, na kwa hiyo kijana alifunzwa kuimba akisimama kama mti, mikono nyuma. Lakini ilileta pia vitu vitatu vyenye faida: saa ya marudilio isiyobadilika, kitabu cha nyimbo, na mwalimu anayejibu kwa ajili ya kikundi.

Mahali pengine Kongo mbegu hiyo ilizaa haraka. Kamina, katika Katanga, Padri Guido Haazen alianzisha mwaka wa 1953 kikundi cha vijana waimbaji, Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka wa 1958 walikuwa Ulaya, na Missa Luba yao ikasikika dunia nzima. Huko Lubumbashi, iliyoitwa wakati ule Elisabethville, Joseph Kiwele, mwalimu na mpiga kinanda, alitunga muziki wa kanisa na wa jukwaa. Karibu nasi, Bukavu, Padri Georges Defour alianzisha katika miaka ya 1950 chama cha Xaveri, ambacho kilifunza vijana kwa nyimbo, ngoma na michezo midogo. Wababa wengi wa Butembo wanaojua leo kusimama mbele ya watu bila kutetemeka walijifunza kule.

3. Wakati wa «animation»

Mwaka wa 1971 Kongo ikawa Zaire, na prezida Mobutu akahubiri urudilio wa asili. Ngoma zilizokatazwa zikaitwa tena. Furaha ilikuwako, tusifiche. Lakini punde si punde kila shule, kila kampuni, kila wilaya ilitakiwa kuwa na kikundi cha «animation». Vijana walichaguliwa, walipewa kitambaa cha sare, walifanya marudilio mchana kutwa. Ngoma ya arusi ikageuzwa kuwa ngoma ya chama cha MPR, na jina la bibi-arusi likaondolewa, likawekwa jina la prezida.

Hapo tulipata hasara mbili. Ya kwanza: wazazi walianza kuona jukwaa kuwa fasi ya kusifu wakubwa na ya kupoteza mabinti. Woga huo haujaisha. Ya pili: vijana walizoea kwamba mtu mwingine anapanga yote. Baada ya tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, vikundi vilianguka kwa siku chache. Walijua kucheza, lakini hakuna aliyewafunza kujisimamia.

Tulinganishe na kikundi cha Mufwankolo, Lubumbashi. Hao walicheza kwa Kiswahili cha watu wa kazi, wakajulikana kwa redio na televisheni. Mtafiti Johannes Fabian aliwafuata mwaka wa 1986 akaandika kitabu ju ya namna walivyotengeneza mchezo mmoja: wanajadiliana neno, wanagawa sehemu, wanajaribu, wanasahihisha, wanajaribu tena. Hawakuwa na maandiko kamili, lakini walikuwa na utaratibu. Kumbe si karatasi inayokosekana kwetu, ni utaratibu.

4. Vita, ugonjwa na njia zilizofungwa

Tangu Oktoba 2014 inchi ya Beni imezika watu wake bila kupumzika. Kisha Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Tangu Mei 2021 jimbo la Kivu ya Kaskazini liko chini ya utawala wa kijeshi. Kijana anayetaka kujifunza jioni anauliza kwanza: nitarudi nyumbani saa ngapi, na kwa njia gani? Goma, ambako tamasha la Amani lilianza mwaka wa 2014 na ambako vijana wetu walitamani kujionyesha, ilichukuliwa na M23 Januari 2025, na safari ya kwenda kule ikawa ngumu zaidi.

Lakini wakati wa Ebola ndipo tuliona nguvu ya mchezo. Watu waliokataa matangazo ya daktari walikubali kusikiliza igizo lenye wimbo kwa Kinande na Kiswahili. Kijana wa jukwaa alikuwa na kazi ya kweli, kazi ya kuokoa. Ugonjwa ulipoisha, mipango ikafunga mizigo, na wachezaji wakabaki na fulana zenye maandishi. Ni historia ileile ya 1990: mwingine anapanga, sisi tunacheza.

5. Tufanye namna gani?

Wazazi wanauliza watoto wao: «Utakula nyimbo?» Si ulizo baya. Mchuuzi wa Butembo anayetuma franga zake Dubai ao China anajua mzigo utafika mwezi gani, ushuru wa Kasindi ni kiasi gani, na atauzia nani. Mbona mwimbaji asiwe na hesabu kama hiyo? Tunatoa basi mashauri machache, tukifuata njia tatu za wazee.

Kwanza, kufunza. Kikundi kifanye marudilio mwaka mzima, hata mara mbili tu kwa juma, tena mchana, ili kila mtoto afike nyumbani mbele ya giza. Sauti ilindwe: kuanza polepole, kunywa maji, kutopiga kelele juu ya spika mbovu. Mwimbaji ajifunze pia kutembea na kusema, na mcheza ngoma ajifunze kuimba. Kila mmoja awe na daftari: wimbo gani, nani aliufunza, ulitoka kijiji gani. Wazee wanaojua endara na enzenze waitwe kufunza wangali hai, na walipwe, hata kama ni mbuzi.

Pili, kupima. Majaribio ya kuchagua wachezaji yafanywe wazi, mbele ya watu watatu ao wanne wanaojua kazi, si usiku, si nyumbani kwa mtu mmoja. Kijana alete nyimbo mbili zinazopingana, moja ya furaha na moja ya huzuni, na maneno ya kusema bila kusoma. Aliyeachwa aambiwe sababu, sawa vile kwenye moto wa ekyaghanda. Na tunasema kwa sauti kubwa: anayeomba franga kwa binti ili amweke kwenye liste, ao anayeomba kitu kingine, huyo si mwalimu, ni mwizi. Mzazi ama dada mkubwa amsindikize mtoto, hakuna haya ndani yake.

Mbongeni Ngema wa Afrika ya Kusini alichukua vijana wa vitongoji, wasiojulikana, akawafunza kwa muda mrefu mbele ya kuwapandisha jukwaani. Mwaka wa 1987 wakatoa Sarafina! huko Johannesburg, na mwaka wa 1988 walikuwa Broadway, New York. Leleti Khumalo, aliyecheza nafasi kubwa, alikuwa binti wa kawaida wa kitongoji. Walifika ju ya kazi ya kila siku.

Tatu, kuona mbele. Kijana amalize masomo na apate diploma ya serikali, maana bila hiyo milango mingi inafungwa. Kinshasa kuna Institut National des Arts, lakini ni mbali zaidi ya kilometa 1500 na ndege ni ghali. Tuangalie pia mashariki. Toka Beni mpaka Kasindi ni karibu kilometa 80, na ng'ambo kuna barabara ya Kampala, ambako Chuo kikuu cha Makerere kinafundisha muziki, ngoma na teatri, na ambako Ndere Troupe inafanya kazi tangu 1984. Mbali zaidi kuna Bagamoyo, Tanzania: chuo cha sanaa kilichoanza 1981, kinachoitwa TaSUBa tangu 2007. Pale Kiswahili chetu, hata na makosa yake, ni faida. Kuanzia kidato cha nne kijana atafute habari za karo, za paspoti na za lugha, asingoje siku ya mwisho.

Na franga? Tunajua likirimba. Wamama wa soko wanajenga nyumba kwa likirimba. Kikundi cha watu 20 kinaweza kuweka kidogo kila juma na kumtuma mmoja kusoma, kwa sharti arudi kufunza wengine miezi ya likizo. Hapo tutakuwa tumeunganisha tena kamba iliyokatika.

Noeli ijayo wale vijana wataimba tena, na tutapiga makofi. Tunaomba neno moja tu kwa kila mzazi, mwalimu na mchungaji anayesoma makala haya: makofi yakiisha, msiende nyumbani mara moja. Mkaribieni yule binti, mumuulize: «Na mwezi wa kwanza, unajifunza nini?» Kama hana jibu, tumsaidie kulitafuta, maana muzee wa ekyaghanda hakuacha mtoto aondoke penye moto bila kumwambia kesho arudi na hadithi gani.