Samuel Lincoln kabla ya kuvuka bahari

Desemba 1859 Abraham Lincoln, rais wa baadaye wa Marekani, alimwandikia rafiki yake Jesse Fell habari fupi za maisha yake, zitumike katika siasa. Upande wa wahenga hakuwa na mengi: walitokea Virginia, na kabla ya hapo Pennsylvania. Wapo waliojaribu kuwaunganisha na akina Lincoln wa New England, akaeleza, ila hawakuambulia zaidi ya majina kufanana: Mordecai, Solomon, Abraham na mengineyo ya Biblia. Haishangazi. Babu yake, Abraham somo yake, aliuawa Kentucky mwaka 1786 baba yake angali mtoto, na masimulizi ya ukoo yakakatikia hapo.

Kumbe majina yale yalikuwa yanasema kweli. Aliyehamia Massachusetts na kuanzisha ukoo wa rais ni Samuel Lincoln, aliyetoka Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1637; ukimhesabu yeye wa kwanza, rais ni kizazi cha saba. Habari zake za Uingereza zilikusanywa na J. Henry Lea na J. R. Hutchinson katika kitabu kilichotoka Boston mwaka 1909, miaka 44 baada ya rais kuuawa.

Wa kushukuriwa kwanza ni Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliyeamuru mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Ndiyo maana tunajua kwamba Samuel, mwana wa Edward Lincoln, alibatizwa Hingham, Norfolk, tarehe 24 Agosti 1622. Kitabu cha ubatizo hakisemi zaidi ya hapo. Edward alikuwa maskini, na sababu inaelezwa na wosia wa baba yake. Baba huyo, Richard, alikuwa mtu mwenye mali huko Swanton Morley, Norfolk, lakini alioa mara nne, na Edward alikuwa wa mke wa kwanza. Mali ikaelekezwa kwa watoto wa mke wa nne. Bila ule ubaguzi wa mirathi, huenda Samuel angelima shamba la babu yake hadi kufa, na mimi nisingekuwa na la kuandika.

Hingham yenyewe ilikuwa inafukuta. Kasisi wake, Robert Peck, alikuwa Mpuritani mkaidi aliyegombana na Askofu Matthew Wren wa Norwich kuhusu madhabahu na uzio wake. Mwaka 1638 naye akakimbilia ng'ambo. Wenyeji wengine walikwisha kutangulia na kuanzisha Hingham ya pili huko Massachusetts mwaka 1635.

Sasa tazama orodha ya abiria ya Great Yarmouth, Aprili 1637. Maofisa wa bandari wanamhoji Francis Lawes, mfumaji wa Norwich, anayesafiri na mkewe, mtoto mmoja na watumishi wawili. Mmoja wa watumishi ameandikwa Samuel Lincorne, miaka 18. Jina limepinda, hilo si tatizo. Karani wa enzi zile aliandika alichosikia. Tatizo ni umri, maana aliyebatizwa Agosti 1622 kwa kawaida angekuwa na miaka 14. Ama alichelewa kubatizwa, ama kuna mtu aliongeza miaka pale mezani. Mimi naegemea la pili: mtumishi wa miaka 18 haulizwi maswali mengi kama mtoto wa miaka 14.

Basi tunajuaje kwamba ndiye? Kwa kuangalia alikoelekea. Lawes alitua Salem. Samuel hakukaa naye. Alihamia Hingham ile mpya, ambako kaka yake Thomas, mfumaji pia, alikuwa amekwisha kupata kiwanja. Huko Samuel alioa, akamwita mmoja wa wanawe Mordecai, na jina hilo likarithishwa hadi Pennsylvania.