Jikoni Clark: Familia za Wanajeshi Chini ya Mlima Pinatubo

Vitabu vya vita vinapoitaja kambi ya Clark, katika mkoa wa Pampanga nchini Ufilipino, huhesabu ndege na mabomu. Anayetaka kuielewa vizuri aingie nyumbani, aone nani alikuwa akifua, nani akipika na mtoto alilelewa mikononi mwa nani.

Marekani ilianzisha ngome ya Fort Stotsenburg mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ikawa makao ya askari wa farasi. Miaka michache baadaye zilijengwa nyumba za maofisa kuzunguka uwanja wa gwaride, na baadhi yake zingali zimesimama. Mwaka 1941, vita na Japani vilipokaribia, wake na watoto walirudishwa kwao. Tarehe 8 Desemba uwanja wa ndege wa Clark ukapigwa mabomu. Baada ya vita familia zilirejea. Mkataba wa 1947 uliwapa Wamarekani kambi zao kwa miaka 99, muda ambao mwaka 1966 ulifupishwa uishie 1991.

Vita vya Vietnam ndivyo vilivyoijaza Clark. Ndani ya uzio kulikuwa na shule, makanisa, sinema, na duka lililouza vyakula vya Kimarekani. Kijana angeweza kumaliza sekondari ya Wagner bila kuijua lugha ya Kapampangan inayosemwa nje ya geti. Hata hivyo vita havikuwa mbali na watoto hao: majeruhi waliletwa hospitali ya kambi, na tarehe 12 Februari 1973 familia zilijipanga uwanjani kuwashangilia wafungwa wa vita wa kwanza waliotoka Hanoi.

Nyumba zenyewe ziliendeshwa na Wafilipino. Familia ambazo Marekani zisingeweza kuajiri mtu, hapa zilikuwa na msaidizi wa kufua, kupika na kulea, pengine na mtu wa kukata majani. Kwa Mmarekani mshahara huo ulikuwa mdogo. Kwa mama wa mji jirani wa Angeles uliwalisha wanawe, aliokuwa akiwaacha kwa bibi yao alfajiri. Mpangilio huo haukuwa wa haki, hata pale mama na mtoto aliyemlea walipopendana kwa dhati. Waaeta, wenyeji wa milima ile tangu zamani, nao waliwafundisha marubani namna ya kuishi msituni, huku sehemu kubwa ya ardhi ya mababu zao ikiwa ndani ya mipaka ya kambi. Machi 1986 wafanyakazi Wafilipino waligoma na kuziba mageti wakidai kiinua mgongo bora.

Hata chakula kilivuka uzio. Watu wa Angeles husimulia kwamba vichwa vya nguruwe, ambavyo jikoni za kambi hazikuvitaka, vilinunuliwa kwa bei ya chini. Lucia Cunanan, aliyejulikana kama Aling Lucing, alivichoma, akavikatakata na kuvikolezea vitunguu na ndimu kando ya reli katika miaka ya 1970. Chakula hicho, sisig, leo kinaliwa Ufilipino nzima.

Tarehe 10 Juni 1991, mlima Pinatubo ulipotishia kulipuka, watu wapatao 15,000 waliondoka kambini kwa magari kuelekea kambi ya wanamaji ya Subic, wengi wakidhani watarudi baada ya siku chache. Mlipuko mkubwa wa tarehe 15 uliifunika Clark kwa majivu. Novemba 26 mwaka huo kambi ilikabidhiwa kwa Ufilipino.

Wasaidizi wa nyumbani walipoteza ajira. Wapo pia watoto waliozaliwa nje ya uzio na baba Wamarekani. Sheria ya Marekani ya 1982 iliwafungulia mlango wa uhamiaji watoto wa namna hiyo kutoka Korea, Vietnam, Laos, Kampuchea na Thailand. Wa Ufilipino iliwaacha nje. Sasa ni watu wazima, na wengine wangali wanawatafuta baba zao.