Biolojia ya Uhifadhi

Ikolojia ya wanyamapori huuliza jinsi wanyama, malisho, maji na magonjwa vinavyotegemeana. Biolojia ya uhifadhi huchukua majibu hayo na kuuliza: tufanye nini ili spishi isitoweke? Mmarekani Michael Soulé, mmoja wa waasisi wa taaluma hii, aliandika mwaka 1985 kuwa uhusiano wake na ikolojia ni kama ule wa upasuaji na fiziolojia. Uamuzi hufanywa kabla ya ukweli wote kujulikana.

Serengeti inaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1994, virusi vinavyofahamika zaidi kwa mbwa viliua takriban theluthi moja ya simba wa huko. Ukubwa wa hasara ulijulikana kwa sababu watafiti walikuwa wakifuatilia makundi ya simba tangu miaka ya 1960. Hiyo ni ikolojia. Uhifadhi ulianza pale mbwa wa vijiji jirani walipochanjwa, kazi iliyowakutanisha wanabiolojia, madaktari wa mifugo na wafugaji. Baadaye ikabainika kuwa chanjo ilipunguza maambukizi kwa mbwa, ilhali simba waliendelea kuambukizwa. Virusi vilikuwa na njia nyingine, na swali likarudi kwa wanaikolojia.

Katika istilahi "biolojia ya uhifadhi", kiambishi u- kina uzito. "Hifadhi", neno lenye asili ya Kiarabu, limezoeleka kama jina la mahali: Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa mfano. "Biolojia ya hifadhi" ingeeleweka kuwa elimu ya viumbe waliomo ndani ya mipaka fulani. "Uhifadhi" hutaja tendo, nalo huwafuata tembo hadi shambani na mbwa hadi uani.

Kwa hiyo anayeanza taaluma hii katika Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, haimtoshi kuhesabu nyumbu na kutambua nyayo. Atahitaji takwimu, jenetiki, ramani za kompyuta, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na uwezo wa kuketi kwenye mkutano wa kijiji akasikiliza zaidi ya anavyosema. Ikolojia humpa ushahidi. Mengine humwezesha kuutumia ushahidi huo mbele ya watu watakaoishi na matokeo ya uamuzi wake.