Majonzi ya Mjane katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika visiwa vya Lamu mwaka 1275 wa Hijria (1858), umezoeleka kama wosia wa mama kumfunza bintiye adabu za ndoa. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, jina la kitabu chao lilitaja wajibu wa mke, na msimamo huo ukashika. Ann Biersteker aliusoma upya mwaka 1991 akizingatia lugha na mamlaka. Liko jambo jingine la kutazamwa humo: mapenzi ya mjane.

Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alikuwa mgonjwa alipotunga. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, alikuwa amefariki mwaka 1856. Mama anamwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi, kisha anamweleza kuwa siku ya Kiyama mume ndiye atakayeulizwa atakalo juu ya mkewe. Fundisho zito hilo. Ila linapoingia nyumbani, sauti inalainika: mume akilala asiamshwe, asemeshwe polepole, apepewe, atindwe ndevu, afukiziwe ubani asubuhi na jioni. Ni vigumu kusoma beti hizo bila kumwona mtu aliyewahi kukaa kimya kando ya mwenziwe aliyelala.

Mafunzo yakiisha, mjane anajitokeza mwenyewe. Walikaa pamoja bila kugombana hata siku moja, na mauti yalipomfikia, mume alimkariria radhi zake. Tangu hapo, asema, hajanyamaza kulia kila akumbukapo raha na mazoea yao. Kumbe radhi anayomhimiza binti aitafute ndiyo aliyoipata yeye kwa mumewe anayekata roho. Sheria na kumbukumbu vimefumwa pamoja.

Kati ya beti 102, majonzi hayo yamepewa chache tu. Utendi ulikuwa bahari ya dini na mawaidha, na mapenzi ya waziwazi yalikuwa na nafasi yake katika nyimbo za ngoma na harusi. Isitoshe, Mwana Kupona hakumtungia bintiye peke yake. Baada ya kilio anageukia dua, anaomba afya, anawakabidhi wanawe kwa Mungu, kisha anawaita wanawake wote wausome. Aliyoyasema juu ya Mataka yangesikika katika nyumba za watu, naye akayapima hivyo.